Mgeni Ziwani: Mtumbwi Mdogo na Deni la Dola

Katika nchi hii dereva hakabidhiwi basi la abiria kabla ya kupimwa. Mchimba madini hateremki shimoni pasipo mtu wa kumwonesha nguzo na nyufa zake. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni hutengewa wiki nzima ya kuelekezwa maktaba ilipo na namna ya kuazima kitabu. Mvuvi mdogo hatengewi hata saa moja. Hufika mwaloni na mfuko wake wa nguo, huazima au hukodi mtumbwi, hushika kasia, na jioni hiyohiyo yumo katika ziwa ambalo hajapata kuliona. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Ziwani mgeni hukabidhiwa kasia siku ya kwanza.

Nataka leo tumjadili mgeni huyo na chombo chake kidogo, kwa sababu katika mijadala yetu ya uvuvi yeye hatajwi. Tunajadili tani za samaki, ukubwa wa matundu ya nyavu, thamani ya minofu inayouzwa nje na mapato ya halmashauri. Siku hizi tunajadili pia uchumi wa buluu. Hoja yangu ni kwamba maarifa ya ziwa, yaani kuzijua pepo zake, miamba yake, vina vyake na mipaka yake, ni miundombinu ya umma sawa na barabara na daraja. Dola inayomdai mvuvi leseni kabla hajaingia majini, kisha ikaiachia bahati kazi ya kumfundisha ziwa, imeshika haki yake na kuutupa wajibu wake.

Mgeni ni nani?

Tuna mazoea ya kuwafikiria wavuvi kama watu waliozaliwa kando ya maji, wakafundishwa na baba zao, wakazeeka wakivua ghuba ileile. Wapo wa namna hiyo. Lakini uvuvi kwa asili yake ni kazi ya kuhama. Pwani kuna neno la zamani, ago au dago, lenye maana ya kambi ya msimu ambako wavuvi huhamia kufuata samaki, mbali na nyumbani. Neno lenyewe linathibitisha kwamba mvuvi mgeni si jambo jipya wala si kosa.

Katika Ziwa Victoria uhamaji huo ulikuzwa na historia. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hilo. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja, na samaki akaanza kusafiri kwa ndege kwenda Ulaya. Pamoja na viwanda walikuja watu: vijana waliotoka katika mashamba ya pamba yasiyolipa tena, wachimbaji wadogo waliokata tamaa, na wavuvi wa maziwa mengine waliosikia habari za bei. Sensa za uvuvi zinazoratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lenye makao yake Jinja, zimehesabu wavuvi zaidi ya 200,000 katika nchi tatu zinazoshiriki ziwa hilo. Vyombo vyao vingi havina injini, vinaendeshwa kwa kasia au tanga.

Hata aliyekwisha kulizoea ziwa hujikuta mgeni tena. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapong'aa kazi hupungua. Samaki husogea, na watu husogea nyuma yao, kutoka mwalo hadi mwalo, kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mvuvi aliyezoea ghuba ya Mwanza akihamia visiwa vya mbali vya upande wa Kagera, amehamia ziwa jingine kwa kila hali isipokuwa jina.

Sera nazo huzalisha wageni. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine za ziwa hilo, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nia ni njema, nami naiunga mkono. Lakini mvuvi asiye na shamba wala duka ana kila sababu ya kufunga virago na kutafuta maji mengine. Na miezi hiyo ndiyo miezi ambayo upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu katika Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa. Sera inamfungia mtu ziwa analolijua, na njia iliyo wazi mbele yake ni kwenda kulikabili asilolijua katika msimu wake mbaya. Waliopanga ratiba walimfikiria samaki kwa makini. Iwapo walimfikiria na mvuvi, basi ilipasa wamwambie.

Kila ziwa lina tabia yake

Aliyekaa ofisini huona maziwa yetu kama madoa ya buluu yanayofanana katika ramani. Aliye ndani ya mtumbwi anajua kwamba maji hayafanani.

Mvuvi wa Bagamoyo au Kilwa anajua kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu. Mwili wake umezoea kuhesabu saa za maji kupwa na kujaa, na hesabu hiyo humwambia lini atoke na lini arudi. Akifika Ziwa Victoria, hesabu hiyo yote haimsaidii, kwa sababu ziwani hakuna kupwa wala kujaa kwa kumwongoza. Mvuvi wa Kigoma amezoea ziwa refu na jembamba, lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, ambamo hatua chache kutoka ufukweni maji huwa marefu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Maji yasiyo na kina kirefu yakichafuliwa na upepo hutoa mawimbi mafupi, yenye kingo kali, yanayofuatana upesi kiasi kwamba mtumbwi haujainuka kutoka la kwanza kabla la pili halijaufikia. Ziwa Rukwa ni la maji mafupi zaidi. Nyasa lina upepo wa mwera, ambao wenyeji hupanga safari zao kwa kuutazama. Stadi iliyomwokoa mtu katika ziwa moja yaweza kumzamisha katika jingine.

Jambo la hatari zaidi katika Ziwa Victoria halionekani mchana. Jua linapowaka, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujengeka juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na pepo kutoka pande zote za mwambao huteremka kuelekea katikati ya ziwa. Zinapokutana huko, hewa yenye unyevu hupanda, na dhoruba za radi huzaliwa juu ya maji, nyingi kati ya usiku wa manane na asubuhi. Wanasayansi wa hali ya hewa wameueleza utaratibu huu kwa undani, na rada na satelaiti zimeuthibitisha. Mgeni anayetazama anga kutoka ufukweni saa kumi na mbili jioni huiona shwari. Hana namna ya kujua kwamba ushwari huo haumwahidi lolote kuhusu saa tisa za usiku, na saa tisa za usiku mvuvi wa dagaa yuko kazini.

Kuna na miamba. Anayeijua Mwanza huijua miamba inayoonekana, ile inayopigwa picha. Mvuvi huuawa na ile iliyo shibiri mbili chini ya maji. Na maji yenyewe hayakai mahali pamoja: mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango kisichoonekana tangu 1964, nyumba na mialo ya pembezoni ikafunikwa, na alama ambazo watu walizitumia kwa miaka mingi zikapotea. Mwaka ule hata wenyeji walikuwa wageni.

Shule isiyo na mwalimu wa kulipwa

Mgeni hujifunzaje basi? Hujifunza kwa mwenyeji, akibahatika kumpata mwenye moyo. Mwenyeji humwambia asipite kati ya kisiwa fulani na jiwe fulani baada ya saa sita za usiku. Humwonesha mstari wa wingu juu ya mlima ulio ng'ambo na kumwambia maana yake. Humfundisha wapi magugu maji huziba njia upepo ukigeuka, na wapi mamba au kiboko wamezoea. Elimu hii ni ya thamani kubwa, imekusanywa kwa vizazi, na kwa sehemu kubwa haijaandikwa popote.

Lakini tusiipambe. Elimu isiyoandikwa ni mali ya aliye nayo, na mwenye mali huchagua wa kumpa. Panapokuwa na samaki wengi mgeni hukaribishwa. Samaki wakipungua hutazamwa kama mwizi. Mwenyeji anayehofia kupungukiwa hana haraka ya kumwambia mgeni mahali salama pa kutega nyavu, kwa kuwa mahali hapo ni pake. Hivyo mgeni husukumwa kwenye maji mabaya, yale ambayo wenyeji huyaepuka, kisha tunashangaa kwamba ndiye anayezama.

Kuna na suala la tajiri. Mialoni neno hilo humtaja mwenye mtumbwi, nyavu na taa, ambaye wavuvi humfanyia kazi kwa mgao. Mgeni ambaye hana chombo huanza na deni: amekula, amelala, amepewa nauli. Asiyeingia majini usiku huo hana mgao, na deni halimngojei. Kwa hiyo hata akiambiwa kwamba upepo si mzuri, uamuzi wa kubaki nchi kavu haupo mikononi mwake peke yake. Tunapomlaumu marehemu kwa kutoka siku ya dhoruba, tujiulize kwanza kama alikuwa na uwezo wa kukataa.

Dola inaona nini?

Isidhaniwe kwamba serikali haipo ziwani. Ipo, na ina macho makali. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinataka mvuvi awe na leseni na chombo kiwe kimesajiliwa. Mialoni kuna Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, maarufu kwa kifupi cha BMU, na kuna maofisa wa uvuvi wa halmashauri. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilizunguka Ziwa Victoria ikikamata nyavu haramu na kuziteketeza. Mtu anaweza kubishana kuhusu namna ilivyoendeshwa, lakini ilithibitisha jambo moja: dola ikitaka kumfikia mvuvi mdogo katika kisiwa cha mbali, ina boti, ina mafuta na ina watumishi.

Swali langu ni kwa nini uwezo huo huonekana wakati wa kukamata tu. Ofisa anayepima tundu la wavu kwa rula amesimama hatua mbili kutoka kwa mtu asiye na jaketi la kujiokolea, asiyejua kuogelea, ambaye amefika ziwani wiki iliyopita. Fomu aliyoshika inamuuliza juu ya wavu. Haimuulizi juu ya mtu.

Kuna pia mipaka. Ziwa Victoria limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya kwa mistari iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, na Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya maji hayo. Mistari hiyo imo katika ramani. Juu ya maji haimo. Mgomvi wa Migingo anajua ugomvi wake. Mgeni anayesukumwa na upepo usiku hajui kitu mpaka asikie injini ya doria ya nchi jirani. Mtu hukamatwa, hupoteza mashine na nyavu, kwa kosa la kuvuka mstari ambao hakuna aliyewahi kumwonesha.

Vifo vya mmoja mmoja

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv Bukoba ilizama na mamia ya Watanzania. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Mara zote mbili taifa liliomboleza, bendera zikashushwa nusu mlingoti, tume zikaundwa. Ndivyo ipasavyo.

Mtumbwi hauombolezewi hivyo. Meli huzama na mamia mara moja, nao mtumbwi huzama na mmoja, wawili, watatu, usiku, mbali na kamera. Makadirio ambayo yamenukuliwa mara nyingi katika kazi za mashirika ya hali ya hewa kuhusu Ziwa Victoria yanasema kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hilo. Msomaji na ayasome makadirio hayo polepole. Hata tukiyakata nusu, bado kila mwaka ziwa lingekuwa linachukua watu wengi kuliko Mv Nyerere mara kadhaa. Na tazama pengo lililopo kati ya kima cha chini na kima cha juu: ni watu 2,000. Serikali zinazoweza kutaja idadi ya kilo za minofu iliyopita uwanja wa ndege zimeridhika na hesabu ya vifo inayopungua au kuzidi kwa watu 2,000. Hatuhesabu kwa sababu hatujaamua kwamba inafaa kuhesabu.

Na hawa tusiowahesabu ndio waokoaji wetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafariki. Waliofika kwanza kwenye ndege ile walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na nchi nzima iliona. Tuliwasifu kwa siku kadhaa. Lakini sifa ile ilikuwa pia ungamo, hata kama haikusemwa hivyo: karibu na mji mkuu wa mkoa, mchana kweupe, uokoaji wa kwanza ulitegemea kasia. Sasa fikiria uokoaji wa mvuvi mwenyewe, usiku, kilomita 40 kutoka ufukweni.

Anayevua kwa starehe na anayevua kwa riziki

Nchini Marekani mamilioni ya watu huvua samaki kwa starehe, na baadhi yao hutumia kayaki, chombo cha mtu mmoja ambacho kwa umbo na udogo ni ndugu wa mtumbwi wetu. Mtu huyo naye hupenda kwenda katika ziwa asilolijua. Kwake ugeni huo ndio utamu wenyewe wa safari. Lakini angalia anachokikuta. Sheria inataka kila aliyemo katika chombo chake, kayaki ikiwemo, awe na jaketi la kujiokolea. Katika jimbo la Minnesota idara ya maliasili imewawekea wananchi ramani za vina vya maelfu ya maziwa, pamoja na taarifa za samaki waliomo. Utabiri wa hali ya hewa ameubeba mfukoni, na akipata shida kuna namba ya kupiga na mtu wa kuipokea.

Sitoi mfano huu ili tuionee Marekani gere. Nautoa kwa sababu unafuta dhana kwamba hatari ya ziwa geni ni maumbile ambayo hayana dawa. Pale ni mchezo wa mwisho wa wiki, na dola imeona inafaa kupima vina na kuvichapisha. Hapa ni chakula cha watoto, na ramani nyingi tulizorithi zilichorwa kwa ajili ya meli, zikionesha njia kutoka bandari hadi bandari. Mtumbwi haupiti njia ya meli. Anayevua kwa riziki analindwa kidogo kuliko anayevua kwa burudani, na hakuna falsafa ya maendeleo ninayoijua inayoweza kuhalalisha jambo hilo.

Majibu kwa pingamizi

Nawajua wasomaji wangu walio serikalini, na najua watakachosema. Watasema wavuvi ni wakaidi: ukiwapa majaketi huyaacha kambini. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini ukaidi huwa na sababu. Jaketi zito linalozuia mkono kuvuta wavu huwekwa kando na mtu yeyote mwenye akili anayelipwa kwa samaki aliovuta. Madereva wa pikipiki nao walikuwa wakaidi kuhusu kofia ngumu. Ilihitajika elimu, sheria na kofia zinazovalika. Ukaidi ni mwanzo wa kazi ya ofisa, wala hauwi kisingizio cha kutoianza.

Watasema pia kwamba kumrahisishia mgeni ni kuongeza wavuvi katika ziwa ambalo tayari limeelemewa. Hoja hii ni nzito zaidi. Ni kweli kwamba sangara na sato wamepungua katika maeneo mengi na kwamba nguvu ya uvuvi imezidi. Lakini kifo si chombo halali cha kudhibiti idadi ya wavuvi. Kama tunataka wavuvi wapungue, tuseme hivyo katika leseni, tuweke kikomo, tuwape watu kazi mbadala. Ibara ya 17 ya Katiba yetu inampa raia uhuru wa kwenda atakako ndani ya nchi, ya 22 inampa haki ya kufanya kazi, na ya 14 inampa haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Haki hizi tatu hazikomei ufukweni.

Watasema mwisho kwamba fedha hazipo. Mwanzoni mwa mwaka 2024, jijini Mwanza, serikali iligawa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo nafuu. Ni hatua ya kupongezwa. Inaonesha kwamba fedha za ziwa hupatikana pale zinapoahidi kuongeza mavuno. Ninachodai hapa ni cha bei ndogo kuliko boti.

Nini kifanyike

Kwanza, daftari la vifo. Kila BMU iandike kila chombo kisichorudi: tarehe, saa, mahali, idadi ya watu, walikotoka, hali ya hewa. Halmashauri ikusanye kila mwezi, na nchi tatu zipeleke LVFO. Mwongozo wa hiari wa FAO wa mwaka 2014 kuhusu uvuvi mdogo endelevu unazitaka nchi zishughulikie usalama wa wavuvi, pamoja na utoaji wa taarifa za ajali. Hatuhitaji mkutano mwingine wa kimataifa ili tununue madaftari.

Pili, ramani mwaloni. Kila mwalo uwe na ubao mkubwa unaoonesha miamba iliyofichika, vina, njia salama, mpaka wa nchi na mahali pa kukimbilia dhoruba ikianza. Ramani hiyo ichorwe na wenyeji pamoja na wataalamu, na wenyeji walipwe kwa elimu yao kama tunavyomlipa mshauri mwelekezi anayetoka mjini. Kulipwa huko kutapunguza ile sababu ya kuficha.

Tatu, utabiri unaomfikia aliye majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri kwa watumiaji wa maziwa, na Mwanza kuna rada. Kati ya mwaka 2017 na 2021 mradi wa kikanda uliohusisha Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulionesha kwamba utabiri wa Ziwa Victoria unaweza kuboreshwa na kufikishwa kwa wavuvi. Kilichobaki ni hatua ya mwisho: usomwe mwaloni kila jioni kabla ya mitumbwi kutoka, kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha za mahali, na uwe na mamlaka. Siku ya onyo kali, tajiri anayelazimisha watu kutoka awajibike kisheria.

Nne, mgeni aandikishwe ili afundishwe. Leo kuandikishwa kwake ni mwanzo wa kudaiwa. Iwe pia mwanzo wa mafunzo: siku mbili pamoja na mwenyeji aliyeteuliwa na BMU, kuogelea kwa lazima kwa asiyejua, na jaketi linalofaa kwa kazi, ambalo gharama yake itolewe katika ada hiyohiyo ya leseni. Hapo ndipo mvuvi ataweza kusema leseni yake imemnunulia kitu.

Tano, uokoaji wenye mafuta. Boti za doria zipewe wajibu wa uokoaji kwa maandishi, na BMU zilizo visiwani zipewe akiba ya mafuta na simu ya kituo kinachopokea saa zote. Anayeweza kumfikia mvuvi kwa faini anaweza kumfikia kwa kamba.

Wanafunzi wangu nawaachia kazi. Rafu za maktaba zetu zina tasnifu nyingi kuhusu soko la sangara na ukubwa wa dagaa. Tunahitaji sasa mtu wa kukaa mialoni, kuandika majina ya wasiorudi na kuyapeleka mezani kwa wanaopanga bajeti. Wanaharakati, mna haki tatu za kikatiba za kushika mkononi. Nanyi watumishi wa umma, sikuombeni sera mpya. Naomba halmashauri moja tu ya mwambao ifungue daftari lile kabla ya mwaka ujao wa fedha kuanza, iandike ukurasa wake wa kwanza kwa uaminifu, na iuchapishe. Baada ya hapo hakuna halmashauri nyingine itakayoweza kusema kwamba haikujua.